Kiganja cha Dada

Siku ile ilianza kama siku zangu zote, kwa mgongo kuuma. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka zinaingia chafu, zinatoka safi, kesho zinarudi chafu tena, na sijawahi kumwona mgonjwa aliyekuja kunishukuru kwa ajili ya shuka. Nilipotoka kazini mchana nikapitia kwa dada yangu kama nilivyozoea. Nikamkuta kitandani, mto mgongoni, ubao mapajani, anasugua ngozi.

"Leo umekuja na sura ya mtu aliyefuliwa," akaniambia.

"Na kukamuliwa," nikamjibu, nikajitupa kwenye kiti.

Tukacheka. Naanza na kicheko hicho ili ujue kwamba dada yangu hakuwa mtu wa kutisha. Haya ninayosimulia hayakutokea kwa jirani wa jirani. Yalitokea kwenye chumba nilichokuwa nakifagia kwa mikono yangu, na yalitokea mchana, jua likiwa limejaa dirishani.

Mume wake, shemeji yangu, alikuwa fundi ngozi. Hakushona viatu wala mabegi. Maisha yake yote alitengeneza kitu kimoja tu, mikanda ya kunolea nyembe. Watu wengi siku hizi hawaijui. Kinyozi wa zamani, yule anayetumia wembe mrefu wa kukunja, hautoi wembe kwenye jiwe la kunolea akaupeleka moja kwa moja shingoni mwa mtu. Kwanza anautelezesha kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa ukutani, mgongo wa wembe ukitangulia na makali yakifuata nyuma, huku na huko, mpaka makali yanyooke. Mkanda mbaya huharibu wembe mzuri. Ndiyo maana vinyozi waliobaki na nyembe zile, wachache na wabishi, walikuwa wanamfuata shemeji kutoka mbali.

Alichagua ngozi ya mgongo wa ng'ombe, akailoweka, akaivuta juu ya ubao, akaikwangua, akaipaka mafuta. Kazi hizo zina vifaa vyake. Ya mwisho haina kifaa, ni kiganja kitupu. Ngozi inasuguliwa kwa kiganja, kutoka juu kwenda chini, siku baada ya siku, mpaka joto la mkono liingie ndani na uso wake ung'ae. Wenyewe walisema hapo mkanda umeiva. Na mkanda mmoja huiva kwa mkono mmoja. Ukianzwa na huyu ukamaliziwa na yule, unatoka na mabaka. Mkanda ulioachwa nusu hukatwa vipande ukatupwa. Shemeji alikuwa akisema mkanda ni kama mswaki, hauazimwi.

Vidole vyake vilipoanza kuvimba kwenye viungo, kazi ya kusugua akamwachia mkewe. Halafu dada akaugua moyo, miguu ikakataa kumbeba, tukadhani kazi itakoma. Kumbe ndiyo kwanza ikaongezeka. Kila baada ya chakula cha mchana shemeji alimwekea ubao mapajani, kisha yeye mwenyewe akaenda kujinyoosha kwenye benchi la karakana. Nyumba nzima ilisinzia kwa sauti ile ya mkono juu ya ngozi. Fyuu. Fyuu. Kila mkono ulipofika chini, dada alitoa pumzi kidogo, pumzi ya mtu anayetua ndoo. Vinyozi wakambandika jina la Kiganja, na alilipenda.

"Umechoka?" nilimuuliza siku ile.

"Nilishachoka zamani."

"Si uache basi?"

"Nikiacha nifanye nini, nihesabu mbao za dari?" Akasugua tena, akapumua. Kisha akasema bila utani, "Ila mdogo wangu, siku nikilala nataka nilale kweli. Asije mtu akaniamsha kwa jambo lolote. Hilo tu ndilo ninalokuomba."

Nikamwambia nitakaa mlangoni na ufagio, na yeyote atakayethubutu atauonja. Akatabasamu, akaendelea na kazi.

Alifariki wiki ileile, mchana. Binti yake alikuwa sebuleni akishona. Anasema alisikia mkono ukishuka, akasubiri upande tena, haukupanda. Tulimkuta ameegemea mto, kiganja kimelala katikati ya mkanda. Nusu ya juu ilikuwa inang'aa. Nusu ya chini ilikuwa bado ngozi tu.

Baada ya msiba watu walirudi makwao, nyumba ikabaki na shemeji na Binti. Binti ni mtoto wa pekee wa dada, msichana mkubwa, anashona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Mimi ananiita mama mdogo, na baada ya mama yake kuondoka neno hilo likawa zito kuliko zamani. Kila nilipotoka kazini nikawa napitia, napika, nafagia, nakaa naye, kisha najikokota kwenda kwangu. Kufiwa kunachosha kuliko kufua, na mimi nilikuwa nafanya vyote viwili.

Siku moja niliingia karakana, kile chumba cha nyuma, kumpelekea shemeji chai. Kwenye kulabu ilikuwa imetundikwa mikanda mipya. Imeiva. Nikaweka kikombe chini. Mkono wa dada naujua. Alikuwa anabonyeza zaidi upande wa kidole gumba, kwa hiyo mikanda yake ilikuwa na mstari mwembamba wa mng'ao pembeni. Ile mipya ilikuwa nao.

"Hii aliisugua lini?" nikauliza.

"Ya zamani hiyo," shemeji akasema bila kugeuka.

Ilikuwa bado inanuka mafuta mabichi. Niliitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimejikunja, hata kikombe alikishika kwa mikono miwili. Nikajua si yeye. Nikadhani ni Binti, na nikakasirika, maana sikutaka mtoto arithi kitanda kile. Nikamfuata sebuleni nikamwambia alete viganja nivione. Vilikuwa na vitundu vya sindano na ukavu wa kushika kitambaa, basi.

"Mimi sijagusa, mama mdogo," akasema kwa sauti ya chini, macho kwenye mlango wa chumba cha mama yake. "Baba akishakula anaingia mle na ngozi. Anatoka mikono mitupu. Anafunga mlango."

"Halafu?"

"Halafu mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu. Nisisikie."

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikala nao chakula cha mchana. Shemeji hakupenda. Alipomaliza kula alinawa, akachukua ngozi mbichi na ubao, akaingia chumbani. Akatoka mikono mitupu. Akafunga mlango, akaenda kujilaza kwenye benchi lake, na haikupita muda tukamsikia anakoroma. Nikamwambia Binti asikanyage cherehani. Tukakaa.

Nje kulikuwa na jua, mtu anauza ndoo, watoto wanacheza mpira. Ndani palikuwa kimya.

Fyuu.

Binti akanishika goti.

Fyuu. Kisha ile pumzi. Ile ya kutua ndoo.

Sikuinuka kwa ujasiri. Niliinuka kwa hasira, maana nilikuwa nimeahidi kukaa mlangoni. Nikafungua. Jua lilikuwa limeangukia kitandani, juu ya shuka niliyoifua mwenyewe. Mto ulikuwa umesimamishwa. Godoro lilikuwa limebonyea katikati. Ubao ulikuwa juu ya kitanda, lakini haukugusa shuka. Kati ya ubao na shuka palikuwa na nafasi ya mapaja ya mtu.

Mng'ao ukashuka juu ya ngozi. Polepole. Kutoka juu hadi chini.

"Dada," nikanong'ona.

Sauti ikakoma. Nikasogea. Nikanyoosha mkono, nikaugusa mkanda. Ulikuwa na joto.

Kisha mkono wangu ukashikwa. Ukageuzwa, kiganja juu. Kidole gumba kikapita katikati ya kiganja changu, mara moja, kikibonyeza. Kama mtu anayekagua. Halafu mkono wangu ukawekwa pembeni, kwa upole, mahali ambapo hautazuia kazi.

Fyuu.

Nilitoka kinyumenyume. Sikupiga kelele.

"Ni yeye?" Binti akaniuliza.

"Ni yeye."

"Yukoje?"

"Amechoka," nikasema, na hapo ndipo nilipoanza kulia.

Nilikuwa bado najifuta macho pale mgeni alipobisha mlango wa nyuma. Alikuwa kinyozi mmoja mzee, mteja wa shemeji wa miaka mingi, ambaye wenzake wanamwita Taratibu kwa sababu mtu anaweza kuota ndevu mpya akiwa bado kwenye kiti chake. Siku zote huja na mzaha mdomoni. Siku ile alikuja na mkanda alioununua baada ya msiba, umefungwa kwenye gazeti. Shemeji aliamka, akafungua gazeti, akautazama mkanda.

"Una kasoro?" akamuuliza.

"Hauna. Tangu nishike wembe sijapata makali kama haya." Taratibu akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Shida ni watu wangu."

Akasimulia huku akipumzika kila baada ya maneno machache. Hakuna aliyekatwa, hakuna hata aliyetokwa na damu. Ila watu wanainuka kwenye kiti chake wakishika ukuta. Mchukuzi mmoja wa magunia, mtu wa kifua, alinyolewa asubuhi akasema ngoja nikae kidogo, na alikuwa bado amekaa wakati duka linafungwa. Bwana harusi mmoja alisinzia mbele ya wageni wake, na hadi leo mkewe anamlisha kwa kijiko. Taratibu mwenyewe alijinyoa kwa wembe uliopita kwenye mkanda ule. Akainua mkono atuonyeshe. Ulifika kifuani, ukaanguka.

"Uchovu huu si wangu, fundi," akasema. "Wangu naujua."

Akauacha mkanda kwenye ngazi, akaondoka akishika ukuta. Hakuna aliyeuokota.

Nilimsubiri akate kona, kisha nikamgeukia shemeji. "Unamfanyisha kazi marehemu," nikamwambia.

Aliponijibu hakuniangalia. "Ule wa nusu nilitakiwa niukate. Nilishika kisu, shemeji. Sikuweza. Nusu yake ilikuwa mkono wake. Nikaurudisha pale alipokuwa, nikaenda kulala. Nilipoamka ulikuwa umeiva."

"Na huo mwingine? Na hii yote iliyofuata?"

"Nisipoweka ngozi, haji."

"Kwa hiyo?"

"Usiku silali kabisa. Mchana nikisikia mkono wake, napata usingizi."

"Na yeye atalala lini?"

Nilitaka kumzaba kofi, na wakati huohuo nilitaka kumpikia chai. Alikuwa mzee aliyebaki peke yake na vidole vilivyojikunja, na alikuwa anampenda dada yangu. Lakini dada yangu aliniomba jambo moja tu. Nikamwambia kuanzia kesho hakuna ngozi inayoingia chumba kile. Akakubali kwa kichwa.

Kesho yake hakuweka ngozi. Sauti ilikuja vilevile.

Ilikuwa kavu zaidi. Dada alikuwa anasugua shuka. Siku iliyofuata alisugua mbao za kitanda, na nilipoingia kufagia nilikuta ubao wa kichwani unang'aa. Halafu akahamia ukutani. Chokaa ya pembeni ya kitanda ikawa laini, ikatelezesha kidole, kwa urefu wa mkono wa mtu aliyeketi. Kisha kwa urefu wa mtu aliyesimama. Kila siku mng'ao ulikuwa umesogea. Ulifika kwenye mlango. Ulipita kwenye fremu. Ukashika ukuta wa ujia.

Ujia ule unatokea sebuleni. Nilimwambia Binti ahamie kwangu, akasema anamalizia sare za watu, nimpe siku chache. Nami nilikuwa nimechoka, sikuwa na nguvu ya kubishana.

Mchana mmoja nilirudi kutoka kazini, nikakuta cherehani imenyamaza. Binti alikuwa amelala, kichwa juu ya meza ya cherehani, mkono wa kushoto umenyooshwa mbele, mkono wa blauzi umepandishwa. Nikamwita. Nikamtikisa. Alifungua macho kwa shida.

"Nimechoka, mama mdogo," akasema.

Sauti haikuwa yake kabisa.

Nikautazama mkono wake. Kutoka kiwiko hadi kifundo ulikuwa unang'aa. Hapakuwa na unyweleo hata mmoja. Alama ya pasi iliyomuunguza utotoni haikuwepo. Hapakuwa na mistari ya ngozi. Nikambinya, nikamuuliza kama anasikia maumivu. Akasema anasikia, lakini kwa mbali. Na pembeni, upande wa kidole gumba, palikuwa na mstari mwembamba wa mng'ao.

Sijui nilimbebaje. Ninachokumbuka ni kwamba nilimfikisha karakana, nikauweka mkono ule mbele ya baba yake. "Tazama," nikamwambia. "Tazama ulichofanya."

Shemeji aliushika mkono wa mwanawe. Akapitisha kidole gumba juu yake, polepole, kutoka juu kwenda chini. Na kwa muda mfupi sana niliona kitu usoni mwake, Mungu amsamehe. Aliona kwamba ni kazi nzuri. Kisha akaketi chini sakafuni, kwenye vipande vya ngozi.

"Kwa nini haachi?" nikamuuliza. "Ngozi hakuna. Kwa nini asipumzike?"

"Yeye hakuwa anaacha mwenyewe," akasema. "Mkanda ukiiva, mimi ndiye nilikuwa naingia. Naugusa kwa mgongo wa vidole. Namwambia, imetosha, mke wangu. Ndipo anaondoa mkono." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Tangu afariki sijamwambia."

"Kwa nini hujamwambia?"

"Ataondoka."

Nikamwacha pale na Binti, nikakimbia ujiani. Chumba kilikuwa na jua. Ukutani, juu ya chokaa, mng'ao ulikuwa unashuka. Nikasimama katikati ya chumba. "Imetosha, dada," nikasema. "Dada yangu, imetosha. Lala."

Sauti ikatulia. Nikasikia pumzi. Karibu sana, sikioni mwangu.

Fyuu.

Sikuwa mimi ambaye dada alikuwa akimsubiri.

Nilirudi karakana, nikamwambia shemeji leo hii ataingia mle, na atalitamka neno hilo kwa mdomo wake. Akasema atalitamka. Nikamwambia nataka nilisikie. Akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mke na mume hawaagani mbele ya watu," akasema. "Niachie hilo, shemeji. Mchukue mtoto uende naye."

Ningesimama pale. Lakini Binti alikuwa ameniegemea na uzito wake wote, na maneno yale yalikuwa ya kweli. Nikafunga nguo zake kwenye shuka, tukaondoka. Tulipopita uani shemeji alikuwa amevua shati, anajimwagia maji kifuani na shingoni, anajisugua kwa sabuni. Nikadhani anajisafisha kwa heshima ya mkewe. Nikamwonea huruma, nikampungia mkono.

Kesho yake nilikuta mlango haukufungwa. Niliita, hakuitika. Karakana ilikuwa tupu, vifaa vimepangwa vizuri. Ujia ulikuwa kimya. Ukuta haukuwa na mng'ao mpya.

Nikaingia chumbani.

Alikuwa kitandani. Alilala kwa ubavu, kifua wazi, amegeukia ukuta, na ubao ulikuwa chini yake. Alikuwa amejilaza palepale panapowekwa ngozi. Nikamgusa bega. Lilikuwa laini, halikuwa na hata baka la uzee. Lilikuwa bado na joto, lakini yeye alishakufa.

Nikamgeuza.

Ule upande uliokuwa juu ulikuwa uso wa kijana niliyemwona siku ya harusi ya dada. Haukuwa na mkunjo. Haukuwa na nyusi, haukuwa na kope, na ngozi yake iling'aa. Upande wa pili, uliolalia mto, ulikuwa shemeji niliyemzoea, mzee mwenye makunyanzi na ndevu za mvi za siku mbili tatu. Mpaka wa pande hizo ulipita katikati ya paji, ukashuka puani, ukagawanya midomo. Nusu iliyong'aa ilikuwa inatabasamu kidogo.

Daktari alisema ni moyo. Alisema hivyo akiwa anatazama dirishani. Taratibu alikuja kumnyoa rafiki yake kabla ya kuzikwa, japo ilibidi ashike wembe kwa mikono miwili. Alinyoa upande mmoja, akaugeuza uso. Kisha akakunja wembe wake. "Upande huu hauna ndevu," akaniambia chini kwa chini. "Hata vishimo vyake havipo."

Tulimzika ubavuni mwa mkewe. Nyumba tukaifunga. Binti akahamia kwangu na cherehani yake, na uchovu ukamtoka kidogo kidogo, ingawa mkono haukurudi ulivyokuwa. Akishona huuvalia blauzi ya mkono mrefu. Majirani wa kule kwa dada niliwauliza kama wanasikia chochote wakati wa mchana. Walisema hawasikii. Kwa hiyo nilijiambia kwamba shemeji alilitamka. Labda alijilaza kwanza ili apate kuguswa mara ya mwisho, kisha mwishoni, pumzi zikimwisha, akasema imetosha. Nililishika wazo hilo kwa nguvu zote. Nililihitaji ili niweze kwenda kazini. Nikikunja shuka nilikuwa najiambia, dada amelala. Dada sasa amelala.

Kiangazi kilipokaribia kuisha tulikwenda makaburini kung'oa magugu. Kaburi la dada lilikuwa kama kaburi lolote. Udongo umepasuka, nyasi zimeota, sisimizi wanapita na safari zao. Nilichuchumaa, nikaanza kung'oa. Ni Binti aliyeacha kung'oa kwanza. Nikainua macho kuona anatazama nini.

Kaburi la shemeji, upande unaotazamana na la mkewe, halikuwa na jani hata moja. Udongo ulikuwa laini kutoka juu hadi chini, umeshikana, unang'aa kwenye jua. Pembeni palikuwa na mstari mwembamba uliong'aa zaidi.

"Hajamwambia," Binti akasema.

Sikuogopa. Wanaposikia kisa hiki watu hudhani niliogopa. Niliumia. Nilipiga magoti kati ya makaburi yale mawili, na nilikuwa nimechoka, nikamkasirikia maiti. Aliyekuwa na neno amekwenda nalo chini ya ardhi. Dada yangu aliniomba jambo moja katika maisha yake yote, nami nilimwachia mtu mwingine alifanye. Nililia mpaka Binti akaniinua kwa ule mkono wake unaosikia maumivu kwa mbali, tukaenda nyumbani.

Mvua za kwanza zikanyesha, nikarudi peke yangu. Makaburi yote yalikuwa tope. Upande ule wa shemeji ulikuwa mkavu, matone yakiangukia pale yalikuwa yanateleza tu na kwenda zake. Nikazunguka kaburi. Upande wa pili, ule wa makunyanzi, tope lilikuwa limejaa mpaka karibu na juu. Lakini juu kabisa palikuwa pameanza kung'aa, upana wa kiganja.